Kava Lililoshonwa na Marehemu Loreta

Aliyemwita Assunta kwa jina, msomaji, hakuwa mlinzi wa bandari wala kuli. Alikuwa shemeji yake.

Nunzio Capobianco alisimama kwenye mlango wa kontena, jua la mchana la Port Adelaide likimchoma mgongoni, kofia ya chama cha wafanyakazi kichwani. Ndani, katika giza lenye joto la tanuri, Assunta Petrillo alikuwa amepiga magoti. Mikononi alishika kava la siti ya gari lililogeuzwa ndani nje, na kwenye mshono wake wa mwisho ulionekana uzi wa zambarau.

Katika kiwanda kizima cha siti za magari cha Bwana Lorimer, zambarau ilikuwa ya mtu mmoja. Kila mshonaji alipewa rangi yake ya kufungia mshono, ili kazi mbovu ijulikane imetoka kwa nani. Zambarau ilikuwa ya Loreta, mdogo wake Assunta, mke wa huyu Nunzio.

Na Loreta alikuwa kaburini mwaka wa tatu sasa. Lakini mlangoni pa kontena palibandikwa karatasi isemayo: siti mpya, za kuuzwa nje.

"Toka humo, shemeji," Nunzio alisema taratibu. "Humo mna panya."

Assunta hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amekuja bandarini kuchagua ngozi za kiwanda, kazi yake ya kila mwezi, na ni uvundo uliomvuta mpaka kontena la jirani. Siti zilirundikwa juu ya siti. Ngozi imeota ukungu wa kijani. Mkojo wa panya umeacha michirizi ya njano iliyokauka kama gundi. Ndani ya sponji ya siti moja alikuta vitoto vya panya, vyekundu, havina hata unyoya, vikijinyonganyonga kama vidole vilivyokatwa.

"Hizi zimetoka wapi?" aliuliza.

"Zinaondoka."

"Sikukuuliza zinakwenda wapi. Nimekuuliza zimetoka wapi."

Nunzio akageuka akatazama gati, hapakuwa na mtu. Akaingia, akavuta mlango nusu, akaanza kueleza kwa sauti ile ile aliyoitumia kwenye mikutano ya chama, sauti ya mtu anayekuomba uwe mvumilivu kwa faida yako.

Serikali, alisema, inataka magari yaundwe hapa hapa nchini. Kwa hiyo imeyatwisha magari ya nje ushuru wa kuvunja mgongo. Lakini imeacha tundu: kiwanda chochote cha hapa kikiuza sehemu za magari ng'ambo, kinapewa haki ya kuingiza magari ya nje bila ushuru, kwa kadiri ya thamani ya kilichouzwa. Na haki hiyo si lazima uitumie mwenyewe. Unaweza kumuuzia mwenye magari, naye anakushukuru.

Bwana Lorimer alilitazama tundu lile akaona jambo ambalo watunga sheria hawakuliona, au waliliona wakafumba macho. Siti haina haja ya kukaliwa na mtu. Ina haja ya kuvuka bahari tu.

Basi zikawa zinavuka. Zilikwenda kisiwa kimoja cha Pasifiki, zikalala kwenye ghala la rafiki yake, zikarudi zimeandikwa matambara ya kufutia mashine, zikabadilishwa karatasi pale pale bandarini, zikaondoka tena zikiwa mpya. Kila safari haki nyingine. Panya walipanda huku, wakazaa kule, wakarudi na wajukuu.

"Wateja wa kweli walituacha zamani," Nunzio alisema. "Mwaka ule ule Loreta alipougua. Nusu ya mnachoshona mle kiwandani kinakuja kuzeekea humu. Wale akina mama mia tatu unadhani wanakula nini, shemeji? Wanakula hiki unachokiona."

"Na hili? Hili la mkeo? Ungeweza kulitupa baharini."

Nunzio akavua kofia. Macho yakamlowa, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko uvundo.

"Nilishindwa. Kila kontena likirudi, naja kulifungua mwenyewe. Naona kama ni yeye amerudi nyumbani."

Assunta akamtapikia viatuni.

Hakukusudia. Ilitoka tu, kahawa na mkate wa asubuhi, juu ya ngozi nyeusi iliyopigwa rangi vizuri. Nunzio akaruka nyuma akitukana kwa lahaja ya kwao Benevento, akatoka nje kutafuta bomba la maji.

Aliporudi na suruali iliyolowa, alimkuta shemeji yake amesimama nje, anajifuta mdomo, rola zake za ngozi ameshazifunga kamba. Alimshika mkono akamwambia wao ni familia, na mambo ya familia hayatoki nje ya meza. Assunta akaitikia kwa kichwa.

Ndani ya rola moja alikuwa amelifungia kava la Loreta, pamoja na sponji yake.

*

Jumamosi ilikuwa siku ya nyanya. Kwa watu wa Paradise, mtaa wao wa wahamiaji, hakuna msiba wala kesi inayoahirisha siku ya nyanya. Toka asubuhi gereji ya akina Petrillo ilijaa ndugu, masufuria, moto wa kuni uani na chupa za bia zilizooshwa, zikingoja kujazwa sosi ya mwaka mzima.

Donato, mume wa Assunta, alikuwa ameketi kwenye mashine ya kusagia. Mgongo wake uliharibika zamani kwenye kazi za zege, na tangu hapo alikuwa mtu wa bustani na wa maneno machache. Siku ile ya bandarini alikuwa ameunusa uvundo gerejini kabla mkewe hajafungua mdomo. Alisikiliza yote. Akachukua pipa la plastiki lenye kifuniko, akalitumbukiza kava na sponji humo, akalisukuma nyuma ya madumu ya divai, akanawa mikono kwa ndimu mara kadhaa.

"Mama Silia," alisema, "kitu hicho kirudi kilikotoka."

Assunta hakukirudisha. Na sasa wote wawili walikuwa wanasaga nyanya kana kwamba nyuma yao hakuna kitu.

Nunzio naye alikuja. Angeachaje? Alikuja na mikono ya shati imekunjwa, akamtania kila shangazi, akakaa kwenye sufuria kubwa kama mwenye nyumba. Akachota kwa mwiko wa mbao, akaonja, akafumba macho, akasema inahitaji chumvi kidogo. Akaurudisha mwiko ule ule, na mate yake, ndani ya sufuria.

Assunta alitazama midomo ile. Ni midomo iliyombusu Loreta kwenye jeneza.

Alikwenda akaishika sufuria kwa matambara mawili, akaiburura mpaka kwenye mfereji, akaimwaga yote. Nyekundu ikatiririka mpaka barabarani. Mashangazi wakabaki wameduwaa.

"Nzi ameingia," alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Punde gari jeupe likasimama langoni. Akashuka Bwana Lorimer mwenyewe, shati la pasi, keki mkononi. Alikuwa hajawahi kukanyaga Paradise. Akawasalimu wote kwa majina aliyokuwa amefundishwa njiani, akatafutiwa kreti la kukalia, akatoa leso, akalifuta kreti kabla hajaketi.

Alisema amekuja kumletea Assunta habari njema. Jumanne Waziri wa Viwanda anakuja kiwandani kukipa Lorimer tuzo ya mauzo ya nje. Waandishi wa magazeti watakuwepo, televisheni itakuwepo. Waziri ataketi kwenye siti moja ya maonyesho apigwe picha, na siti hiyo Lorimer anataka ishonwe na mikono bora kuliko yote aliyonayo. Assunta ataiandaa peke yake, na ataisimamia mwenyewe mbele ya wageni.

Assunta akamwambia yeye ni mzee sasa, vijana wapo.

Lorimer akacheka. Akamega mkate, akauchovya kwenye sosi ya sufuria ya jirani, akala, akalamba kidole gumba. Halafu akasogea karibu kama mtu anayetaka kusifia bustani. Upande wa pili wa gereji, Ersilia, binti pekee wa Assunta ambaye wote walimwita Silia, alikuwa akitia jani la mrihani ndani ya kila chupa. Silia alifanya kazi ofisini kwa Lorimer tangu amalize shule.

"Silia ni binti mwema," Lorimer alisema kwa sauti ya chini. "Sahihi yake ipo kwenye kila safari. Mimi, Assunta, sijawahi kutia sahihi hata moja."

Akapangusa mikono kwa ile leso, akaaga, akaacha keki yake juu ya meza. Nzi waliifikia kabla ya watoto.

*

Alasiri, wageni walipoondoka, Assunta alimkuta binti yake akisuuza masufuria. Alimuuliza swali moja: alijua au hakujua?

Silia alisema alijua karatasi. Kontena hakuwahi kuliona. Siku yake ya kwanza kazini Lorimer alimpa kalamu nzuri akamwambia kutia sahihi ni heshima, na binti wa miaka kumi na tisa akaiamini kalamu. Baadaye aliona karatasi za siti na karatasi za matambara zinafuatana kama mtu na kivuli chake. Akajiambia si kazi yake kuuliza.

"Nionyeshe," alisema.

Assunta akalifunua pipa. Silia akainama, akalivuta kava kwa ncha za vidole mpaka akauona uzi. Loreta ndiye aliyemfundisha kusuka nywele. Loreta ndiye aliyemnunulia viatu vya kipaimara. Silia akakimbilia chini ya mlimau, na kwa mara ya pili wiki ile familia ikatapika.

Alipoinuka macho yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia.

"Mama, usifanye jambo lolote kwa ajili yangu," alisema. "Wala usiache kulifanya kwa ajili yangu."

Assunta hakuyaelewa maneno hayo vizuri. Aliyabeba tu, Jumapili nzima kanisani na Jumatatu nzima kwenye cherehani, akiwasikiliza wenzake wakibishana kama Waziri atawapa mkono wote au wa mstari wa mbele peke yao. Beryl Cutmore, rafiki yake wa cherehani ya jirani, alikuwa ameseti nywele. Alimwambia Assunta mtoto wake naye ataanza kazi kiwandani mwezi ujao, Nunzio amemfanyia mpango. Alikuwa na furaha ya kweli kabisa, na Assunta alishindwa kumtazama.

Jumanne asubuhi alilitoa pipa nyuma ya madumu. Donato alikuwa amesimama jikoni na kahawa ambayo hajainywa. Aliuliza anapeleka wapi pipa hilo.

"Kazini."

"Na Silia?"

"Silia ni mtu mzima, Donato."

Mumewe akaweka kikombe mezani. Akamfungulia mlango.

*

Msomaji, umewahi kuona mzoga ukipambwa?

Assunta alijifungia kwenye chumba cha sampuli. Alichukua fremu mpya ya siti, akajaza sponji ile ya bandarini, iliyonyonya mkojo wa vizazi vya panya. Juu yake akalivuta kava la Loreta. Upande wa nje alikuwa ameukwangua ukungu na kuupaka nta mpaka ngozi nyekundu ikang'aa kama tufaha. Upande wa ndani aliuacha kama ulivyo. Mara mbili alikwenda dirishani kuvuta hewa. Mara moja alilia, si kwa huzuni, bali kwa sababu mishono ya mdogo wake bado ilikuwa imenyooka, haikuachia hata mmoja.

Kisha akaizungushia siti nailoni, tabaka juu ya tabaka, akaibana mpaka hakuna kinachopenya. Juu akafunga utepe.

Kiwanda kilikuwa kimefagiliwa mpaka nyuma ya mashine. Puto zilining'inia. Bendi ya shule ilipiga tarumbeta, akina mama walisimama kwa mistari na aproni mpya. Waziri aliingia saa nne, mwembamba, suti ya kitani ya kijivu kwa ajili ya joto, tabasamu lililoshonwa vizuri. Akahutubia. Alisema nchi isiyounda magari yake ni nchi inayopanda mgongoni kwa wenzake. Alisema siti za Lorimer zinakaliwa na dunia nzima. Akina mama wakapiga makofi, Beryl kuliko wote.

Lorimer akasogea kwenye siti akiwa na mkasi. Akakata utepe, akaipasua nailoni kwa mikono yake mwenyewe, kama mtu anayefungua zawadi aliyojinunulia.

Waziri akaketi.

Siti ikatoa pumzi. Ilikuwa sauti ndogo, kama mtu mgonjwa anayegeuka kitandani. Halafu harufu ikapanda.

Mpiga picha wa mbele alirudi nyuma akamkanyaga mwenzake. Msichana wa tarumbeta akashusha tarumbeta. Lorimer akawa na rangi ya majivu ya jikoni. Nunzio, aliyekuwa pembeni na bendera ya chama, aliinua kichwa kama mbwa, na Assunta alijua kwamba ameitambua. Angekosaje kuitambua? Si alikuwa akienda kuifungulia mlango?

Lakini Assunta hakuwa akimtazama Nunzio. Alimtazama Waziri.

Aliziona pua zake zikipanuka. Aliona macho yakishuka kwenye siti, yakapanda, yakaelewa. Yakamwendea Lorimer moja kwa moja. Na hayakuwa macho ya mtu aliyeshangaa. Yalikuwa macho ya mgeni aliyeandaliwa divai mbaya na rafiki yake wa siku nyingi.

Kisha Waziri akaegemea. Akakunja nne.

"Hiyo ndiyo harufu ya ngozi halisi," alisema kwenye kipaza sauti. "Tumeizoea plastiki mno."

Watu wakacheka.

Kiwanda kizima kilicheka, kwa nafuu, kwa adabu, kwa kutaka shughuli iendelee. Wapiga picha walirudi mahali pao. Nunzio akaanza kupiga makofi, na makofi yakamfuata. Assunta alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa matusi, kwa kufukuzwa. Kwa kicheko hakujiandaa. Alisimama kando ya ile siti aliyoijaza uozo kwa mikono yake, akamwona mtu ameketi juu yake kwa raha, na kinyaa kikampanda. Alikuwa na maneno ya kusema. Yote yalimkauka.

Ndipo akamwona Silia.

Silia alitoka kwenye mstari wa watu wa ofisi, akapita mbele ya bendi, akaushika mkono uliokuwa na kipaza sauti, mkono wa Waziri wenyewe, akauvuta kuelekea kinywani mwake kama mtu anayemsaidia mzee kunywa maji.

"Kava hilo alilishona mama yangu mdogo, Loreta Capobianco," alisema. "Alifariki miaka mitatu iliyopita. Wiki iliyopita nimetia sahihi kwamba ni jipya. Na mwezi wa kumi na moja. Na kabla ya hapo. Jina lililopo kwenye karatasi zote ni langu, na aliyenipa kalamu ni Bwana Lorimer."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Lorimer alisema binti anaumwa, tangu mama yake mdogo afariki hajawa sawa. Alimwita Nunzio amtoe. Nunzio alipiga hatua mbili. Akafika karibu na siti, akauona uzi wa zambarau pale Silia alipokuwa ameshafunua pindo mbele ya kamera. Akakaa chini sakafuni, palepale, na bendera yake, mbele ya chama chake.

Waziri akainuka. Kitani cha kijivu ni kitambaa kisichotunza siri. Nyuma, kuanzia kiunoni mpaka mapajani, palikuwa na doa la njano lililolowa, pana kama sahani. Alipogeuka kuutafuta mlango, taa za kamera zililipiga doa lile kutoka kila upande.

Kama ungetaka hadithi iishie hapo, msomaji, hata mimi ningetaka. Lakini Beryl Cutmore alitoka kwenye mstari na nywele zake zilizosetiwa. Alimfikia Assunta.

"Ulingoja nini kutuambia?" alimuuliza. "Miaka ishirini tunakaa cherehani kwa cherehani. Umemwambia Waziri kabla ya kuniambia mimi. Sasa mwanangu ataanza kazi wapi?"

Akamtemea mate miguuni.

Nyuma yake wengine walikuwa wanavua aproni mpya. Wengine walilia. Mmoja alilikaribia lile kava, akagusa mshono, akajifanyia ishara ya msalaba. Mwingine alisema kwa sauti kwamba mwenye kuchafua sahani ya wenzake alaaniwe, na hakuna aliyejua kama anamsema Lorimer au Assunta. Huenda hata yeye hakujua.

Watu wawili wa forodha waliingia wakati huo huo, wakipishana na msafara wa Waziri mlangoni. Mwanamke alikuwa mbele, ofisa Treloar, nywele fupi, jasho likimtoka. Lorimer alizishusha pumzi zake, kisha akazishika tena. Silia akanyoosha shingo, tayari.

Ofisa Treloar akawapita wote wawili.

"Wewe ndiye Assunta Petrillo?"

Assunta akaitika.

"Unatuhumiwa kuchukua mali kutoka kontena lililokuwa chini ya ulinzi wa forodha. Tunakuomba uje nasi."

Silia alipaza sauti kwamba wamekosea mtu. Waandishi wakamzunguka, kila mmoja na swali lake, na Assunta hakumwona tena. Lorimer tayari alikuwa ameegemea mashine, anazungumza kwenye simu, na rangi ilikuwa inamrudia usoni.

*

Ndani ya gari mlikuwa na joto. Assunta aliketi nyuma, mikono mapajani. Bado alinuka, na alijua wao pia wanaisikia ile harufu, kwa sababu yule ofisa mwingine aliteremsha kioo.

Aliwauliza kama wanajua kilichomo ndani ya kontena lile. Treloar alimjibu kwa upole kuliko alivyotarajia. Alisema sasa wanajua, na watalifungua, na mengi yatafuata. Lakini wao waliitwa kwa ajili ya jambo moja tu, wizi, na lazima walimalize hilo kwanza.

"Nani aliyewaita?"

Treloar akasita. Akamtazama kwenye kioo cha mbele.

Mwanamume alipiga simu asubuhi mapema, alisema. Hakutaja jina. Alisema mwanamke fulani atafika kiwandani na pipa la plastiki, wamzuie getini asiingie. Wangewahi, isipokuwa ujumbe ulichelewa kuwafikia, na walipotoka barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya msafara. Lafudhi yake ilikuwa kama ya Assunta mwenyewe.

Nunzio. Assunta karibu acheke. Nani mwingine? Mtu anayekwenda kukutana na mkewe marehemu ndani ya mavi ya panya, angeshindwa kumuuza shemeji? Lakini Nunzio hakujua kwamba kava limechukuliwa bandarini. Pipa hakuwahi kuliona. Wazo hilo lilipita, akalisukuma kando.

"Mbona hamkunifunga pingu?" aliuliza, ili aseme tu neno. "Kwenye sinema huwa mnafunga."

"Huwa tunafunga hata kweli," Treloar alisema. "Yule bwana alituomba. Alisema mkono wako wa kulia una baridi yabisi, ukibanwa hulali."

Assunta akaufunika mkono huo kwa wa kushoto.

Kiwandani hakuna aliyeyajua maumivu yale. Aliyaficha miaka na miaka, kwa Beryl, kwa Nunzio, kwa Silia, hata kwa Loreta, kwa sababu mshonaji ambaye mkono wake umeanza kufa hupewa saa ya ukutani, zawadi ya kuagwa, na kurudishwa nyumbani. Ni mtu mmoja tu duniani aliyeujua mkono ule. Mtu mmoja aliyepasha mafuta ya zeituni jikoni mwao kila usiku, akaukanda kidole kwa kidole mpaka mwenyewe akasinzia.

Alikitazama kiganja chake, kikiwa bado kimeng'aa kwa nta. Kisha akakisukumiza chini ya aproni, taratibu, kama kitu kilichonajisiwa.